Kahawa Inayouzwa Ingali Maua

Wewe baba wa Mongbwalu, wewe mama wa Kolwezi, wewe kijana unayeshinda ndani ya shimo kule Bafwasende, nakuomba utoke machimboni kidogo. Twende Opala, kando ya mto Lomami, tumwangalie mama mmoja wa kanisa anayekaanga kahawa.

Usifikiri kiwanda. Ni sufuria nzito, mafiga matatu, mwiko wa mti na kinu. Anamwaga kilo mbili ao tatu za kahawa, anakoroga bila kuacha. Mbegu zinageuka manjano, kisha zinapata rangi ya udongo, halafu zinaanza kulia pa! pa! kama mahindi. Hapo ndipo akili inatakiwa. Ukigeuka kusalimia jirani, umepata makala. Akiipua anaimwaga juu ya ungo, watoto wanapepea ipoe upesi. Kilo 10 za kahawa mbichi zinatoa kilo 8 na kitu, maana maji yamekwenda na moshi. Wengi wanaoanza biashara hii hawahesabu zile kilo zilizopotea, ndiyo maana wanaanguka. Wengine wanajaza pengo kwa mahindi ya kuungua. Yeye hapana.

Vifuko vyake vidogo vinauzwa sokoni, bandarini kwa watu wa pirogi, na mbele ya kanisa siku ya Mungu. Nisahihishe: nyuma ya ibada, siyo mbele. Hilo tulisikilizana naye. Na palipo kilio hauzi. Anatuma kahawa bure kwa wanaokesha matanga.

Kahawa hii ni robusta, mtoto wa misitu yetu ya Kongo. Karibu na mwaka 1900 mbegu zake zilipelekwa Brussels kwa mwuza mimea, kisha zikafika Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeharibu mashamba ya kahawa. Baadaye, tangu mwaka 1933, wataalamu wa INEAC walichagua miti bora pale Yangambi, jirani zetu. Dunia nzima imekunywa robusta. Kumbe katika nyumba nyingi zenye miti ya kahawa nyuma ya jikoni, mgeni anapewa kahawa ya sashe iliyotoka ng'ambo! Nami nimeinywa, sikusema kitu.

Sasa tupime kalenda, maana maneno yangu ya leo yako hapo. Kwetu mvua zikirudi nyuma ya jua la mwanzo wa mwaka, miti inavaa maua meupe, na harufu yake inafika barabarani. Toka ua mpaka tunda jekundu ni miezi 10 hivi. Basi mavuno makubwa yanaangukia mwisho wa mwaka. Lakini masomo yanafunguliwa mwezi wa 9. Mtoto anadai feza ya masomo, shati nyeupe, madaftari. Homa nayo haingoji mavuno. Ndipo mchuuzi anafika na chumvi, sabuni na franga kidogo: “Nipe kahawa yako ya mwaka huu.” Kahawa gani? Iko bado ua, ao tunda bichi. Bei anaikata yeye. Mwezi wa 12 anarudi na magunia, na mwenye shamba anapanda ngazi kuvuna mali ya mtu mwingine ndani ya shamba lake mwenyewe. Ndugu zetu wa Kagera, Tanzania, wanajua sana jambo hili, wanaliita butura. Soma Nehemia sura ya 5, utaona watu walioweka rehani mashamba yao kwa kutafuta ngano, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao.

Mwaka mmoja mjane wa kanisa letu alimwendea mama huyu mwezi wa 9. Alikuwa na watoto wawili wa kuingiza masomo, na miti ya kahawa basi. Akasema, “Kamata matunda yote, unipe feza leo.” Mama alikuja kwangu kuomba shauri. Nami, pasta wenu, nilimjibu upesi: kamata, ni msaada, tena yeye mwenyewe amekubali. Akaniangalia.

“Pasta, nikikamata kahawa yake na bei ya njaa, mwezi wa kumi na mbili nitamuangalia namna gani ku kanisa?”

Sikuwa na jibu.

Alitoa feza ya zamu yake ya likelemba, akaandika deni kwa franga, siyo kwa magunia. Wakati wa mavuno mjane alileta kahawa iliyokauka vizuri, ikapimwa kwa mizani mbele ya watu wawili, ikahesabiwa kwa bei ya sokoni ya siku ile. Deni likakatwa, feza iliyobaki akapewa mkononi. Mwaka uliofuata watu tisa walimfuata. Wawili hawakulipa mpaka leo, na mmoja wao ni mwimbaji wetu. Mama alilia, akapunguza mikopo, lakini hakurudi kwenye maua. Vijana na wajane wanaochambua kahawa nyumbani kwake analipa jioni ile ile, maana Kumbukumbu la Torati 24 amelisoma.

Mimi hufikiri juu ya yule mjane kila ninapoona kijana akirudi kutoka machimboni na redio begani mwezi wa 12. Feza ya redio ile, mwezi wa 9, ingekomboa kahawa ya mama yake yote. Hakujua, kwa sababu hakuuliza, na mama alisikia aibu kusema.

Basi wewe unayesoma, mwandikie baba yako ao mpigie simu juma hili. Usiulize tu kama wanalala vizuri. Umuulize: kahawa ya mwaka huu iko yetu bado, ao imekwisha kuuzwa?