MATAIRI YA THELUJI HAYATATUVUSHA MATOPE

Ndugu wafanyakazi,

Leo siandiki habari za mshahara. Naandika habari za matairi ya gari. Najua wako watakaocheka na kuuliza, "Watu wa reli na matairi, wapi na wapi?" Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wacheke kama bado wanaona sababu ya kucheka.

Sisi tunaotengeneza njia kutoka Sagana kwenda Karatina, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki hatufiki kazini kwa treni. Twafika kwa gari. Njia ile ilikuwa imelala kwa miaka mingi, majani yameota katikati ya reli, mpaka ilipofufuliwa mwaka 2020. Reli yapita mabondeni na kando ya mashamba, na barabara za kuifikia ni za udongo mtupu. Basi magengi hubebwa kwa pikapu ambayo injini yake yavuta magurudumu yote manne, lile gari tunaloliita fowili. Nyuma yake hukaa watu, sururu, mitaimbo na chuma.

Katika mvua ya masika ya mwaka 2024 mimi nilikuwa nyuma ya gari moja la namna hiyo, pamoja na wenzangu wanane. Lilikuwa gari la mkandarasi mmoja ambaye simtaji hapa. Ilikuwa alfajiri, tukiteremka kilima cha udongo mwekundu. Dereva alikuwa akienda polepole kama mtu anayebeba mayai. Alipokanyaga breki gari halikusimama. Lilikwenda moja kwa moja kama sabuni juu ya sahani, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu, na hata leo hutembea kwa fimbo.

Siku ya tatu dereva alifutwa kazi. Sababu iliyoandikwa ni uzembe.

Ndugu zangu, mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, sikuendelea. Lakini mwalimu wetu alitufundisha jambo moja, kwamba mtu asiseme amesoma kabla hajamaliza herufi zote. Basi gari lilipovutwa kutoka mtaroni nilikwenda kulisoma tairi. Nilidhani nitakuta kipara. Sikukuta kipara. Nilikuta meno mazuri bado marefu. Lakini ubavuni palikuwa na picha ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima picha ya chembe ya theluji. Palikuwa na neno STUDLESS. Na palikuwa na tarakimu nne, 3814. Maana yake ni kwamba tairi lile lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014. Lilikuwa limekaribia miaka kumi, na lilizaliwa kwa ajili ya barafu.

Nilimwuliza mtunza stoo, "Bwana, matairi haya mliyapata wapi?" Akajibu, "Tuliambiwa ni matairi ya baridi, na huku Nyeri ni kwenye baridi." Nilimwuliza mkubwa wake. Akasema, "Gari ni fowili, fowili haitelezi. Ni dereva tu."

Haya maneno mawili ndiyo nataka kuyavunja leo, kwa sababu ndiyo yaliyomvunja mwenzetu mguu na kumnyang'anya dereva mkate wake.

Neno la kwanza: eti Nyeri ni baridi, kwa hiyo yataka matairi ya baridi.

Matairi ya theluji hutengenezwa kwa mpira laini, ambao haugandi kuwa mgumu kama ubao joto likishuka chini ya digrii 7. Juu ya meno yake hukatwa nyufa nyembamba nyingi sana, za kung'ata barafu na theluji. Huko Ulaya kaskazini na Japani kaskazini ni kitu chema kabisa. Wajerumani wana sheria: anayeendesha gari juu ya theluji au barafu bila matairi hayo hutozwa faini, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hata alama ya M+S peke yake haitoshi, lazima picha ya mlima na theluji iwepo. Maana M+S ni neno la mwenye kiwanda tu kwamba tairi lina sura ya kufaa matope na theluji, lakini ile picha hupatikana baada ya tairi kupimwa. Wenzetu wamefanya vizuri. Wamechagua tairi kufuata hali ya nchi yao.

Lakini sisi theluji yetu iko wapi? Iko juu kule Batian, mita 5,199, mahali ambapo hapajafika gari. Gari linalopanda kutoka Naro Moru mwisho wake ni kituo cha hali ya hewa, karibu mita 3,050, na hapo penyewe taabu ni matope. Nyeri na Nanyuki zina baridi ya asubuhi, ni kweli, na mwezi wa Julai ukungu hutufanya tuvae makoti. Lakini jua likitoka lami hupata joto, na tairi la theluji juu ya lami yenye joto hulegea, huyumba, huchelewa kusimama, na huisha upesi. Na kwenye matope? Zile nyufa nyembamba hujaa udongo mwekundu mara moja, na tairi huwa duara la udongo juu ya udongo. Tope lataka tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, yanayotema udongo kadiri gurudumu linavyozunguka.

Mtauliza, matairi haya yamefikaje kwetu? Magari mengi yaliyokwisha kutumika huja kwetu kutoka Japani, na mengine hushuka Mombasa yakiwa bado yamevaa matairi ya theluji. Huko Japani tairi hilo lina alama ndani ya meno: likiisha nusu, halihesabiwi tena kuwa tairi la theluji. Kwa hiyo kitu kilichokwisha kazi kwa Mjapani huvuliwa na kuuzwa rahisi kwa asiyejua. Siwalaumu wauzaji wadogo, nao wanatafuta unga. Namlaumu mwenye fedha anayenunua roho za watu tisa kwa bei ya kutupa, halafu asisome hata yaliyoandikwa ubavuni.

Neno la pili: eti fowili haitelezi.

Neno hili likisemwa na mtu wa mjini nitamsamehe. Likisemwa na mtu wa reli ni aibu. Waulizeni wazee wetu habari za zile Garratt kubwa za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester na kuletwa kwetu mwaka 1955 na 1956, 34 kwa jumla. Kila moja ilikuwa na magurudumu 16 ya kuvuta. Si manne, 16! Hata hivyo reli ikilowa, magurudumu yaliweza kuzunguka bure mahali pamoja. Ndiyo maana injini hubeba mchanga wa kumwaga juu ya reli. Nguvu haina faida pasipo kushika.

Fowili hukusaidia kuondoka na kupanda, kwa kuwa nguvu hugawanywa kwa magurudumu yote. Haikusaidii kusimama hata kidogo. Kila gari, liwe fowili au lisiwe, lina breki katika magurudumu yote manne, na kinachosimamisha gari ni pale mahali padogo kama kiganja ambapo tairi hugusa ardhi. Na kwa kuwa fowili hupanda mahali ambapo gari jingine lingekwama, humpeleka dereva juu ya kilima asichoweza kukiteremka salama.

Tena fowili yataka uangalifu zaidi katika matairi, si pungufu. Yote manne yawe ya kipimo kimoja na yawe yamelika sawa, au yakaribiane sana. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, magurudumu huzunguka kwa hesabu tofauti, na gia inayogawa nguvu hulika mpaka ikafa. Wakubwa wanaookoa shilingi katika tairi huja kuzilipa kwa fundi wa giaboksi.

Sasa, tairi la kufaa ni lipi? Nitasema kama tulivyojifunza sisi wenyewe kwa taabu.

Kama gari hukaa sana kwenye lami kutoka Nyeri mpaka Nanyuki na kuingia udongoni mara moja moja, lifungwe matairi ya kati, yanayofaa lami na udongo. Kama kila siku laacha lami na kuingia tope, lifungwe ya meno makubwa ya tope, lakini dereva ajue kwamba hayo juu ya lami yenye maji hayashiki vizuri, apunguze mwendo. Matope yakiwa na sakafu ngumu chini yake, tairi jembamba na refu, kama lile la 7.50R16 la landrova za zamani, hukata tope na kufika pagumu, kuliko lile pana la kujipamba. Na kwenye udongo mweusi wa kunata upande wa Nanyuki, mvua ikiwa kubwa sana, hakuna tairi litakalokuokoa. Beba minyororo ya magurudumu, au ngoja pakauke. Kungoja nako ni kazi, na kulipwe kama kazi.

Tena tazameni nambari ya mzigo ubavuni. Nambari 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, nambari 112 ni kilo 1,120. Gari la kubeba watu na chuma halivai tairi la gari la kwendea harusini. Na tazameni meno. Sheria ya Ulaya husema yasipungue milimita 1.6, na huko Austria tairi la theluji likifika milimita 4 halihesabiwi tena. Sisi tunaoteremka vilima vya Mathira katika mvua tusingoje mpaka kipara kionekane.

Wakubwa watasema, "Matairi mapya ni ghali." Ni ghali kweli. Lakini nawauliza, je, gari la mkubwa mwenyewe limevaa nini? Mlitazame siku atakapokuja kukagua. Kama matairi mapya ni ghali mno kwa watu tisa, yamekuwaje rahisi kwa mtu mmoja? Gurudumu la behewa twalipima kwa geji, na likilika kupita kipimo huondolewa njiani, hata kama behewa limebeba simenti tu. Je, sisi tu chini ya simenti?

Nami sitawaficha, ndugu zangu, lawama nyingine ni yetu. Tulipanda gari lile miezi mitatu. Tuliona likiyumba. Tulitania tu, tukaimba, tukashuka. Dereva alinong'ona mara mbili kwamba haliamini, nasi tukamwambia, "Vumilia, bwana, kazi ni adimu." Uvumilivu wa namna hiyo si wema, ni kumsaidia tajiri kutuua kwa bei nafuu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, inamkataza mwajiri kumrudisha mtu kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa, na inamkataza kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamika juu ya usalama. Tena inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanyakazi ndani yake. Sheria ipo. Iliyokosekana ni midomo yetu.

Basi twataka haya:

Kwanza, dereva na mjumbe wa gengi wawepo tairi linaponunuliwa, walisome kabla halijafungwa.

Pili, tairi la theluji lisifungwe kabisa katika gari linalobeba wafanyakazi, hata likiwa jipya.

Tatu, kila Jumatatu asubuhi matairi yakaguliwe, tarehe na meno yaandikwe kitabuni, na kitabu kiwekwe mahali ambapo kila mtu aweza kukisoma.

Nne, dereva akikataa kuteremka kilima katika mvua asikatwe mshahara, wala asiitwe mwoga.

Tano, yule dereva aliyefutwa arudishwe kazini, na jina lake lisafishwe. Kosa halikuwa la mguu uliokanyaga breki. Kosa lilikuwa la mkono uliotia sahihi ya kununua.

Masika hayamngoji mtu. Kila mwaka yaja mwezi wa Machi, na udongo wa mlima wetu utakuwa mwekundu na wenye utelezi vilevile. Kesho asubuhi, kabla hujaweka mguu nyuma ya gari, inama. Soma ubavu wa tairi. Ukiona picha ya mlima na theluji ndani yake, usipande. Mwite nyapara, mwite mjumbe wa chama, mwonyeshe kwa kidole. Mlima wetu twaujua, na si ule uliochorwa pale.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Njia, Kiganjo