Storm Mamake ni Mkenya, Lakini Komiki Yake Haifiki Machakos

Wasee, kuna swali limekuwa likinisumbua tangu Marvel waachilie Storm mpya Oktoba 2024. Na si lile la nani atamchapa nani, hilo tushabishana kwa base hadi tukachoka. Swali ni hili: mbona komiki zenye zinatuhusu sisi ndizo ngumu zaidi kutufikia?

Kwa wale hawamjui Storm vizuri, jina lake ni Ororo Munroe. Budake ni mpiga picha Mmarekani, mamake N'Daré ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Len Wein na Dave Cockrum walipomtoa mara ya kwanza kwa Giant-Size X-Men namba 1, mwaka 1975, Profesa X alimpata hapa hapa Kenya, watu wakimwomba mvua kama mungu. Ile Kenya ya mle ndani, ukiiangalia tu unajua haikuchorwa na mtu amewahi kungoja mat ya Nai pale stage ya Machakos. Lakini tusameheane, hiyo ni 1975.

Hii mpya ni stori ingine. Mwandishi ni Murewa Ayodele, Mnigeria, yule yule alifanya I Am Iron Man mwaka 2023 na mchoraji Dotun Akande, Mnigeria mwenzake. Hapa mchoraji ni Lucas Werneck wa Brazil, na huyo jamaa anachora radi hadi unataka kutoka nje uanue nguo. Kwa hivyo tumefika mahali Mwafrika anaandika shujaa ambaye mamake ni Mkenya, na kampuni kubwa ndiyo inalipa. Hiyo mimi naipigia makofi bila wivu.

Sasa toka hapo Mulu Mutisya Gardens utembee tao yote ukiitafuta. Utapata vitabu vya shule, Biblia, daftari, diary za mwaka jana. Storm hutapata. Kule Marekani toleo moja huenda kitu kama dola 4, hiyo ni jirongo na bado hujalipa kusafirishiwa. Jirongo ni unga, sukari na change ya kununua kredo. Nani atainunua kwa kurasa za kusoma dakika ishirini?

Niseme ukweli, hizo komiki za nje nilizisoma kwa flash. Tulikuwa na jamaa wa movie mtaani, unamwachia flash na mbao, jioni unaichukua ikiwa na movie na komiki zimescaniwa, kurasa zingine zikiwa upside down. Ni wizi, najua. Lakini huyo jamaa ndiye alikuwa duka letu la komiki, ju alikuwa mahali tulikuwa.

Hapo ndipo nilianza kuona kitu. Ukirudi nyuma, komiki za hapa kwetu zenye zilishika zote zilipanda gari lenye lilikuwa likienda kwa watu tayari. Angalia Juha Kalulu wa Edward Gitau. Huyo aliishi ndani ya Taifa Leo miaka na mikaka. Hakuna mtu alitoka kwake akisema anaenda kununua Juha Kalulu. Mzee alinunua gazeti asome siasa na mpira, mtoto akasoma Juha, kisha likafungiwa nyama na bado mwenye nyama akasoma.

Frank Odoi naye, na huyu ndiye mchoraji wangu namba moja, siombi msamaha. Alizaliwa Ghana, akahamia Kenya, akatupatia Akokhan, shujaa Mwafrika mwenye nguvu za uchawi, ndani ya Daily Nation. Ukiangalia mistari yake unaona mtu hakuwa na haraka. Misuli, vinyago, moto, kila kitu kina uzito. Odoi alikufa Aprili 2012 kwa ajali ya matatu hapo Nairobi. Msee alichora miungu akafa kwa mat kama raia yeyote. Hiyo huniuma hadi leo.

Halafu Shujaaz. Ilianza Februari 2010, kwa Sheng, na ilikuwa bure. Unaipata ndani ya Saturday Nation ama kwa kibanda cha M-Pesa. Boyie alikuwa amemaliza Form Four, hana job, anaendesha redio ya kuficha kutoka bedroom yake. Hiyo ilikuwa maisha ya mabroo wote nilikuwa najua, ukitoa redio. Mwaka 2012 ikashinda International Emmy, lakini sisi hatukujua Emmy ni nini. Sisi tulijua ile stori ya kupaka vifaranga rangi ndio mwewe asivitambue.

Nilijaribu. Nilichukua rangi ya keki nikaenda kwa susu wangu huko Kathiani, nikapaka vifaranga kumi na moja pinki. Susu alitoka nje, akaviangalia kwa muda mrefu, akaniuliza kwa Kikamba kama shuleni ndiyo wananifundisha hivyo. Mwewe hakuchukua hata kimoja wiki hiyo. Sijui kama ni rangi ama ni bahati, lakini niambie ni Storm gani imewahi kunifanya niingie kwa banda la kuku.

Si ati Shujaaz haikuwa na shida. Ilikuwa inalipiwa na wafadhili, na kuna miezi ungeona kabisa hadithi imekuwa darasa, Boyie anaongea kama daktari wa kliniki. Pesa ya mfadhili huja na somo lake. Lakini ilifika.

Sasa hivi wachoraji wetu ni wakali kuliko wakati wowote, hiyo sibishani na mtu. Nimewahi kwenda convention ya komiki Nai, kama kilomita 60 kutoka hapa, na nilirudi na kitabu kimoja tu ju kilikuwa thao. Kazi safi, karatasi nzito, lugha ni Kizungu mwanzo hadi mwisho. Simlaumu mwenye alikitoa, kuchapisha nakala chache ni gharama na yeye pia anakula. Lakini kile kitabu kiliuziwa watu tayari wanapenda komiki. Dogo wa Mumbuni hatajua kiliwahi kuwa duniani.

Na kama unafikiri haya ni mambo ya watoto, kumbuka Desemba 2024. Gideon Kibet, huyo tunamwita Kibet Bull, alikuwa anapost vivuli vya Rais Ruto. Mtu mweusi tititi, hana uso, hana maneno mengi, na bado kila Mkenya anajua ni nani. Bure, kwa simu, dakika kumi iko kwa kila group ya WhatsApp. Tarehe 24 Desemba akatoweka. Polisi wakasema si wao. Alionekana tena tarehe 6 Januari 2025, huko Luanda, Vihiga. Hata Gado alishapitia yake: mwaka 2015 alichora Rais Kikwete kwa The EastAfrican, akatolewa kwa likizo, na mwaka uliofuata Nation hawakumpa mkataba mwingine. Sijasikia mtu ametekwa juu ya graphic novel ya thao.

Kwa hivyo kama wewe ni mchoraji na unasoma hii, mimi naomba kitu kidogo. Chukua Syokimau, yule nabii wetu aliona nyoka wa chuma kabla reli ijengwe. Jina lake liko kwa stesheni ya treni hapa county yetu, na sijawahi shika komiki yake. Ichore kurasa nane, kwa Kiswahili chenye tunaongea, iwe picha za simu, weka till number mwisho. Nakala tano za karatasi achia vinyozi. Kinyozi kimoja Jumamosi ni watu thelathini wamekaa hawana kazi.

Mimi nakala yangu ya Shujaaz ya 2012 bado iko chini ya godoro. Cover ilitoka kitambo. Kwa ukurasa wa nyuma kuna majina manne kwa biro, ju kila mwenye aliazima nilimlazimisha aandike. Watatu tulisoma pamoja. Wa nne hadi leo simjui.