Goma: kambi zilivunjwa, wagonjwa wangali wapo. Nani anawatibu?

Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya M23 kuchukua mji wa Goma, wakimbizi wa ndani waliambiwa waondoke kambini. Huko Bulengo walipewa saa 72. Maturubai yalishushwa, na posti za afya ambako mama alitibishia mtoto bila kulipa zikafungwa pia.

Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wakakuta nyumba zimebomolewa. Wengine wanalala kanisani, shuleni, ao kwa ndugu ambaye naye hana kitu. Kwenye karatasi hawako tena wakimbizi. Lakini wangali wagonjwa.

Wanaosema "waende kituo cha afya kama wakaaji wengine" wajibu kwanza: kwa pesa gani? Mgonjwa anaombwa pesa ya fishi, kisha ya maabara, kisha ya dawa. Mtu asiye na shamba wala kitanda ataitoa wapi?

Na kuna magonjwa yasiyongojea. Dawa ya kifua kikuu kwa kawaida inamezwa miezi 6. Ikikatwa katikati, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu zaidi. Mwanamke aliyebakwa anapaswa kupata dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72. Kolera inaweza kuua kwa saa chache, na haiulizi nani mhami, nani mwenye nyumba. Kumrudisha mhami mlangoni ni kuweka mtaa mzima hatarini.

Kinshasa inawanyooshea kidole waasi. Waasi wanasema amani imerudi, kila mtu aende kwao. Wafadhili, Marekani mbele, walikata misaada mwaka huo huo. Katikati yao mtoto ana bwaki.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Hakisemi kwamba ni ya mwenye nyumba peke yake.

Hakuna anayeomba hospitali mpya. Aliyekimbia vita atibiwe bure. Fishi ya kambini ipokelewe kwenye kila kituo, ili dawa isikatike. RECO wapite makanisani na shuleni, waandike wagonjwa, na walipwe kwa kazi hiyo.

Mama anayelala kwenye benchi la kanisa haulizi nani anatawala Goma. Anauliza kama kesho asubuhi mtoto wake atapokelewa. Wenye madaraka, wa pande zote mbili, wamjibu.