Matigari alikuwa nani hasa?

UKIABIRI matatu kutoka Karatina kwenda Nyeri mjini wakati vyuo vinapofunguliwa, usishangae kuwasikia vijana wakizozana mintarafu ya ufalme usiokuwemo katika ramani yoyote ya dunia. Jon Snow alizaliwa na nani? Lile joka la mwisho lilielekea wapi? Hata utingo husahau kudai nauli.

Televisheni ilijibu swali la kwanza mwaka 2016, na mchezo wenyewe, Game of Thrones, ukamalizika 2019. Ubishi haukumalizika. George R. R. Martin, Mmarekani aliyezitunga hadithi hizo, alitoa kitabu cha 5 mwaka 2011, na wasomaji wakakaa zaidi ya miaka 10 wakingojea cha 6. Katika kungoja huko kila mmoja amegeuka mpiga ramli.

Sina ugomvi na vijana hawa. Kubahatisha ni nusu ya utamu wa hadithi ndefu. Lakini kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamezaliwa, ningependa wajue kwamba guka na cucu zao, katika vijiji na miji hii hii inayouzunguka Mlima Kenya, waliwahi kubahatisha juu ya mhusika wa kitabu hata polisi wakaamrishwa kumkamata.

Naam, msomaji, mhusika wa kitabu!

Riwaya yenyewe ni Matigari ma Njiruungi. Ngugi wa Thiong'o aliiandika kwa Kigikuyu akiwa uhamishoni, nayo ikachapishwa hapa Kenya mwaka 1986. Mzee mmoja anatoka msituni baada ya miaka mingi ya kupigana na mlowezi Williams na mtumishi wake, John Boy. Amewashinda wote wawili. Anaizika bunduki yake chini ya mugumo, anajifunga mshipi wa amani, anashuka kwenda kudai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kumbe nyumba ina mwenyewe: mwana wa John Boy, aliyesomea ng'ambo. Basi mzee anaanza kuzunguka nchi akiuliza swali moja tu: ukweli na haki vinapatikana wapi?

Ngugi mwenyewe alisimulia yaliyofuata. Kufikia Januari 1987, wapelelezi walikuwa wakiripoti kwamba wakulima wa Mkoa wa Kati wananong'ona juu ya mtu aitwaye Matigari, anayezurura akidai ukweli na haki. Amri ikatoka akamatwe. Ndipo ikagundulika kwamba mtu huyo anaishi katika karatasi tu. Lakini mtu wa kubuniwa hatiwi pingu, na hasira ya wakubwa lazima ishukie mahali. Februari 1987 polisi walizuru maduka ya vitabu na kuzizoa nakala walizozipata.

Tusikicheke kisa hiki kupita kiasi. Hicho kilikuwa kipindi cha msako wa Mwakenya, wahadhiri na wanafunzi wakifungwa kwa kushukiwa tu kusoma au kugawa makaratasi yasiyotakiwa. Kuuliza hadharani "Matigari ni nani?" halikuwa jambo la kupitisha wakati. Ulitazama kwanza ni nani aliyeketi meza ya nyuma.

Watu waliuliza hata hivyo, na majibu yangaliko. La kwanza, ambalo Nyeri hutalikosa, ni kwamba Matigari ni Dedan Kimathi. Shujaa huyo wa Tetu alikamatwa Oktoba 21, 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, na jamaa zake hawakukabidhiwa maiti wala kuonyeshwa kaburi. Mtu asiye na kaburi ni rahisi kumngoja. Tena Ngugi alikuwa amekwisha kumtungia Kimathi mchezo wa kuigiza pamoja na Micere Githae Mugo mwaka 1976, kwa hiyo wenye dhana hii husema alikuwa akimrudia yule yule kwa jina jingine.

Wengine humwona Yesu. Hawa wana ushahidi wao: Matigari anaumega mkate na wafungwa wenzake, milango ya jela inafunguka, na ndani ya riwaya yenyewe watu wananong'ona kama huyu si Masiya aliyerudi. Lakini nionavyo mimi, Ngugi aliwatega. Aliwapa watu wanaojua Biblia kwa moyo dalili wanazozijua, kisha akamtia shujaa wao swali la mashamba na viwanda kinywani.

Dhana inayonivutia mimi inatoka upande wa pili wa mlima, Meru. Desemba 1963, bendera ilipopandishwa, wapiganaji walianza kutoka msituni, wengine wakikusanyika hapa Ruring'u, Nyeri. Musa Mwariama wa Meru alitoka na watu wake na kusalimiana na Mzee Kenyatta. Lakini mwenziwe, Baimungi, hakuridhika na kile walichokikuta nje. Aliurudia msitu, na mwaka 1965 akauawa na askari wa serikali ile ile iliyozaliwa na vita vyao. Linganisha sasa na mzee aliyezika bunduki chini ya mugumo, akafunga mshipi wa amani, na baadaye akaona lazima airudie. Je, si hadithi moja?

Hata hivyo, sitasema Matigari ni Baimungi. Sababu imo katika jina, na hapa ndipo waliosoma tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1989 walipopunjwa. Matigari ma Njiruungi maana yake ni masalio ya risasi. Mwenye Kiswahili chake hahitaji mwalimu wa Kigikuyu kuiona ile "ma". Ni wingi! Huyu anayetembea kama mtu mmoja, mara kijana, mara mkongwe, amebeba jina la watu wengi. Ukimuuliza mwenye Kigikuyu chake Matigari alikuwa nani, huenda akakujibu kwa swali: unamwuliza yupi?

Na mtoni je? Kitabu kinamalizikia hapo: Matigari na Guthera wanakimbizwa na askari na mbwa hadi wanatumbukia majini, mvua inashuka, na hakuna anayejua kama wamekufa. Kijana Muriuki ndiye anayekwenda kwenye mugumo kufukua silaha. Kuna wanaoapa kwamba mzee aliibukia ng'ambo ya pili. Wengine wanasema Muriuki ndiye Matigari tangu saa ile, na nadhani hawa wamekaribia.

Ubishi kama huu haukuanza na Matigari. Caitaani Mutharaba-ini ilipotoka mwaka 1980, ilisomwa kwa sauti majumbani, jioni, jamaa wote wamekaa. Ilisomwa baani pia. Ngugi ameeleza jinsi msomaji alivyosoma hadi pale hadithi inapopamba moto, akanyamaza, akaitazama glasi yake. Glasi tupu! Wasikilizaji wakaharakisha kumnunulia nyingine ili waelezwe kilichofuata. Hao watengenezaji wa michezo ya televisheni wanaotuacha tukining'inia mwisho wa kila kipindi walizaliwa wakakuta ujanja huo baani.

Kwa mpenzi wa majoka na wafalme, riwaya ya kuanzia ni Murogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka kwa Kigikuyu mwaka 2004 na kwa Kiingereza, kama Wizard of the Crow, mwaka 2006. Ni vitabu 6 ndani ya kimoja, kurasa zaidi ya 700. Nchi ni Aburiria. Mtawala anaugua ugonjwa wa kufura kama puto. Mawaziri wamekwenda ng'ambo kupasuliwa: Machokali amepanuliwa macho, Sikiokuu masikio, kila mmoja akitaka Mtawala ajue anamwonea au anamsikilizia maadui. Majina hayo hatuhitaji kutafsiriwa! Tena riwaya inaanza kwa kutaja dhana 5 za raia kuhusu chanzo cha ugonjwa wa Mtawala. Mwandishi amewatangulia wabahatishaji mlangoni.

Mtawala ni Moi? Mobutu? Swali hilo nalipita. Amechanganywa kutoka vyungu vingi. Swali la Nyeri ni Nyawira, mwanamke anayewaongoza wapinzani wa mnara ambao Mtawala anataka ujengwe hadi mbinguni. Mwaka 1989, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alisimama peke yake kupinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa bustanini Uhuru Park, tena likiwa na sanamu ya Rais. Jumba halikujengwa. Machi 1992 alikuwa katika bustani hiyo hiyo na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, polisi walipowavamia na baadhi ya wazee wale wakavua nguo kuwalaani. Katika riwaya, wanawake wanauaibisha mkutano wa mnara kwa kutumia miili yao vile vile.

Wanaopinga wanasema Nyawira ni binti wa tajiri, mwigizaji, tena mwenye kujificha, ilhali Wangari alipinga hadharani. Kweli. Lakini mpenzi wake, yule murogi mwenyewe, anaitwa Kamiti. Jina hilo limebeba miti. Na ndilo jina la gereza alikonyongwa Kimathi, na ambako Ngugi mwenyewe alifungwa mwaka 1978 bila kushtakiwa. Sidhani mwandishi aliliokota jina hilo barabarani.

Ngugi alifariki Mei 28, 2025, na majibu mengine amekwenda nayo. Wasomaji wa Tetu, Mathira, Othaya, Nanyuki, Embu na Meru walio na dhana zao juu ya Nyawira au mto ule, waandike. Aliyeinunua Matigari kabla ya Februari 1987 na kuificha, atueleze aliificha wapi. Barua isizidi ukurasa mmoja.