Sodiamu hana ukarimu wowote, tuache kuwadanganya wadogo zetu

Jumapili, saa tano usiku, hosteli

Haya wadau, nilisema wiki hii siandiki kitu mpaka nimalize tesiti ya Alhamisi, lakini nimeshindwa. Desa liko mezani, macho yako hapa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu jana.

Jana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kunitembelea kampasi. Yuko kidato cha tano, PCB, na kemia ya kidato cha nne alipata A. Tukakaa nje ya kantini na chipsi mayai zetu, nikamuuliza kwa utani tu, eti kwa nini sodiamu inaipa klorini elektroni? Akajibu bila kupepesa macho: "Kaka, sodiamu inataka ibaki na nane ili iwe imara, kwa hiyo inatoa kwa furaha." Nikamwambia, kama inatoa kwa furaha, mbona inabidi utumie nguvu kuing'oa? Kimya. Halafu akasema neno lililoniuma: "Kaka, mi nadhani kemia sina kichwa nayo. Huku wametuambia tusahau tuliyosoma kule chini. Nataka nihamie HGL."

Mtoto mwenye A, jamani! Amekariri kila alichopewa, leo anaambiwa asahau, na lawama anajitwisha mwenyewe.

Ngoja niseme wazi. Ile hadithi ya atomu zenye "furaha" ni uongo, na ni uongo wa gharama. Chukueni namba. Kung'oa elektroni moja kwa kila atomu katika moli ya sodiamu iliyo gesi kunakula kilojuli 496. Klorini ikizipokea hizo elektroni inarudisha 349 tu. Piga hesabu: tuna deni la 147. Kama mambo yangeishia hapo, chumvi isingekuwepo na ugali wa kantini ungekuwa mchungu zaidi ya ulivyo sasa! Anayelipa deni ni mvutano wa chaji. Ioni chanya na hasi zikijipanga pamoja kuwa fuwele, zinatoa kilojuli 787 hivi kwa moli. Hapo ndipo faida ilipo. Hakuna ukarimu, hakuna furaha, kuna hesabu.

Na kwa nini sodiamu isitoe mbili? Kwa sababu ya pili inadai 4,562, bili ambayo fuwele haiwezi kuilipa. Kwa hiyo hiyo nane ni matokeo ya hesabu. Sisi tunamfundisha mtoto kwamba ndiyo sababu. Ndiyo maana akikutana na BF3, ambamo boroni imezungukwa na elektroni sita, au SF6 yenye bondi sita kwenye salfa moja, anaona dunia imepinduka. Zile gesi "zilizoridhika" nazo zilishaumbuliwa mwaka 1962, Neil Bartlett alipoifanya zenoni iungane na wenzake.

Uongo wa pili: "molekuli ya chumvi". Haipo! Ndani ya punje ya chumvi, iwe ya Uvinza au ya Bagamoyo, kila sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi na sodiamu sita. Nani kamuoa nani hapo? NaCl ni uwiano tu, moja kwa moja. Bragg alilionyesha hili mwaka 1913 kwa eksirei. Mwaka 1927 mkemia mmoja mzee wa Uingereza, Henry Armstrong, alikuwa bado analalamika kwenye jarida la Nature kwamba chumvi inaonewa. Yeye tumsamehe, mambo yalikuwa mapya. Sisi je?

Uongo wa tatu: "vitu vya kovalenti vinayeyuka kirahisi". Nendeni Mwadui mkaiambie hivyo almasi. Ni kaboni na kaboni, kovalenti tupu, na hakuna jiko la mtaani litakaloiyeyusha. Mchanga wa ufukweni nao ni kovalenti. Sukari inayeyuka upesi kwa sababu molekuli zake zinashikana kwa nguvu ndogo zenyewe kwa zenyewe. Bondi zilizo ndani ya molekuli ni ngumu kweli kweli. Hivyo ni vitu viwili, na tunavichanganya kwenye sentensi moja ya desa.

Sasa najua mwalimu mtarajiwa mmoja wa chumba cha pili atasema, "Ah, hao ni watoto, ukiwapa yote watachanganyikiwa." Nakubali kurahisisha kupo. Usimpe mtoto wa kidato cha pili kilojuli. Lakini kurahisisha ni kusema kweli kwa ufupi. "Chanya na hasi zinavutana" ni sentensi fupi kuliko hadithi yote ya harusi, na haitaji kufutwa kidato cha tano. Atakayesema hatuna maabara, kijiko cha chumvi, kijiko cha sukari, kikaango na jiko la mkaa vinatosha. Sukari itakuwa uji wa kahawia, chumvi itakuangalia tu, maana inasubiri nyuzi 801.

Na kabla hamjanirukia: mimi mwenyewe nina hatia. Likizo iliyopita nilifundisha tuisheni mtaani, nikasema sodiamu ni tajiri na klorini ni bachela aliyepungukiwa. Darasa lilicheka, nikajiona ticha mkali. Wale watoto waliondoka na kichekesho, kemia ikabaki ubaoni.

Jana usiku nimekaa na dogo mpaka saa saba, hatukufungua desa. Tumepiga hesabu ya deni la 147 kwenye karatasi ya chipsi. Mwisho akauliza mwenyewe: "Kwa hiyo magnesiamu inatoa mbili kwa sababu fuwele inaweza kulipa?" Wadau, nilitaka kumbeba.

Hajaamua bado kuhusu HGL. Akihama kwa sababu anapenda historia, safi. Akihama kwa sababu ya uongo wetu, hilo ni deni letu.

Nyinyi mnaoenda fildi mwaka huu, chonde chonde. Mi narudi kwenye msuli.