Muhula wa Sauti: Utetezi wa Msichana wa Mazingaombwe Jukwaani

Imekuwa ada ya wahakiki wengi kuipa kisogo fasihi pendwa, hususan ile inayopendwa na wasichana. Filamu za vibonzo za Kijapani, yaani anime, hazijasalimika. Miongoni mwazo, utanzu unaobezwa mno ni ule unaomfanya msichana mwenye nguvu za kimazingaombwe kuwa pia mwimbaji kipenzi wa umma, ambaye Wajapani humwita aidoru. Inadaiwa kwamba kazi hizi ni ndoto za Alinacha zilizobuniwa ili kuuza vitu vya kuchezea. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Kosa lake ni kuichukulia chembe hiyo kuwa ukweli mzima.

Chukua Mahō no Tenshi Creamy Mami, kazi ya studio ya Pierrot iliyorushwa katika televisheni ya Japani kuanzia Julai 1983 hadi Juni 1984. Yū Morisawa, msichana wa miaka 10, anapewa kifaa cha ajabu kinachomwezesha kujigeuza kigoli wa miaka 16 hivi. Kigoli huyo, Mami, anachukuliwa na kampuni ya muziki na kuwa mwimbaji mashuhuri. Kufikia hapa, msomaji wa Propp atatambua muundo wa ngano: mtoaji, kifaa na mabadiliko. Lakini nguvu hizo zimetolewa kwa mwaka mmoja tu. Vipindi vyake ni 52, kila wiki kimoja. Hivyo basi, mwaka wa Yū ulikuwa pia mwaka wa mtazamaji. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni alijua kwamba siku za Mami zinahesabika, na alizihesabu pamoja naye. Ndoto ya umaarufu usio na kikomo haijengwi hivyo.

Aidha, sauti ya Yū na ya Mami ilitolewa na mtu mmoja, Takako Ohta, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji chipukizi, na wimbo wa ufunguzi ndio uliomwingiza katika uwanja wa muziki. Kimo na mavazi hubadilika, lakini koo ni lile lile. Mvuto wa utanzu huu umo katika jambo hili: mazingaombwe humpa mtoto ruhusa ya muda ya kusikika, naye husikika kwa sauti yake mwenyewe.

Full Moon o Sagashite, iliyorushwa 2002 hadi 2003 kutokana na kazi ya Arina Tanemura, inalithibitisha hili kwa uchungu zaidi. Mitsuki, mwenye umri wa miaka 12, ana uvimbe kooni. Upasuaji utamnyang'anya sauti, na wajumbe wa mauti wanajua kwamba amebakiza mwaka mmoja. Nguvu za ajabu zinampa mwili wenye afya wa msichana wa miaka 16 ili aimbe. Kipaji kilikuwapo tangu awali. Kilichokosekana ni mwili wa kukibeba na hadhira ya kukipokea.

Yupo atakayesema kwamba kumkuza mtoto hadi awe kigoli ndipo apendwe ni kumfunza kuudharau utoto wake. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, matini yenyewe imelitangulia: Toshio, rafiki anayependwa na Yū, anampenda Mami, na Yū anajikuta akijionea wivu mwenyewe. Kazi inayomfikisha mhusika wake katika njia panda hiyo inauliza ni nani hasa anayependwa na umati, na swali hilo linaihusu pia biashara ya aidoru inayoionyesha.

Hili halimaanishi kwamba kila kazi ya aina hii istahili sifa. PriPara, iliyoanza kurushwa 2014 sambamba na mashine za mchezo, hufungua lango la jukwaa la ajabu kwa tiketi, na mashine hizo nazo zilitoa tiketi kwa watoto. Hapo muhula umeondolewa na mnunuzi amealikwa kurudi kila siku. Lakini mhakiki hawezi kuiona tofauti hii iwapo amezitupa zote katika kapu moja.

Wahakiki wa fasihi simulizi wamefunzwa kuuliza juu ya fanani, hadhira na muktadha wa utendaji. Maswali hayo huulizwa kwa bidii pale fanani anapokuwa mzee wa kijiji, lakini huwekwa kando pale anapokuwa msichana wa katuni mwenye kipaza sauti. Kubagua huko hakutokani na nadharia yoyote, ni kiburi. Utanzu ambao bado unaendelea, kama inavyodhihirishwa na Kimi to Idol PreCure iliyoanza kurushwa Februari 2025, unastahili kusomwa kwanza, kisha ndipo uhukumiwe.