Tuache kuuza spika za kuokoteza

Wauzaji wenzangu wa spika za mtumba, leo tuambiane ukweli. Mteja anakuja inboksi na bajeti ndogo, anataka mziki wa 5.1 sebuleni. Wengi wetu tunamkusanyia spika tano za kampuni tano, tunampa bei ya seti. Mimi nilishafanya. Mteja akarudi: "Kaka, mbona gari likipita kwenye muvi sauti inabadilika njiani?" Nikarudisha hela, na nauli ya boda juu yangu.

Msimamo wangu sasa: bajeti ikiwa ndogo, uza tatu za mbele zinazofanana, kampuni moja, toleo moja. Kushoto, kulia na ya kati. Ya kati ndiyo inabeba maongezi karibu yote, ikitofautiana na wenzake mteja atajua siku hiyohiyo. Za nyuma zinaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Sabufa hata ikiwa ya kampuni nyingine haina shida.

Halafu geuza spika, soma namba yenye alama ya Ω. Amplifaya iliyoandikwa 6 mpaka 8 ukiifunga spika za 4, mteja akifungulia sana inachemka, inaweza kujizima au kuungua. Hiyo namba iweke kwenye tangazo lako.

Najua mtasema seti ya tano inatoka haraka. Sawa, ila tatu leo na mbili mwezi ujao ni mteja yuleyule kanunua mara mbili. Au nimekosea?